Dawa Haigawanywi Kama Nyama

Ihanja, jioni ya kuamkia safari yako

Salome mwanangu,

Salamu tulikwisha kupeana asubuhi, na mchana tukagombana, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Barua hii anakuletea Mama Yusufu, jirani yetu, maana anapita hapo kwa bibi yako kupeleka maziwa. Ameniuliza, "Mama Salome, si uende mwenyewe ukaongee na mwanao? Ni hapo tu, hata muwa hujamaliza kutafuna umefika." Nimemwambia miguu inauma. Yeye anajua, na wewe unajua, kwamba si miguu. Nikiingia kwenye ua wa bibi yako na vidonge mkononi, jioni yako ya mwisho itakuwa ya makelele, na baraka uliyoifuata hapo utaondoka bila kuipata.

Pamoja na barua kuna vipande viwili vya gazeti nilivyovikunja. Kimoja kina vidonge vinne, kingine sita. Ni klorokwini. Usivifungue bado. Soma kwanza, kwa sababu ukivifungua kabla ya kusoma najua vitaishia nyuma ya zizi.

Mambo ya shuka na sufuria, na namna ya kukaa na wasichana wenzako bwenini, sitayaandika. Una macho, utaona wanavyofanya. Nitaandika habari ya homa yako, na habari ya kifo cha baba yako, kwa kuwa kwangu mimi hayo mawili ni jambo moja, na sikuwahi kukuambia.

Juzi ulitetemeka. Nilikuona umejifunika kitenge juani, pale watu wengine walipokuwa wanatafuta kivuli. Ukameza aspirini mbili, ukalowa jasho, ukainuka, ukafua nguo zako zote ukiimba. Jana ikawa hivyohivyo. Leo nilipokuletea klorokwini ukanijibu, "Mama, homa imekwisha. Hizo zako zinawasha, na kila mtu anajua vidonge vyako vingi vilimfanya nini baba." Ukachukua kapu lako ukaenda kwa bibi.

Homa haijakwisha, Salome. Imefungiwa mlango, ipo nje inasubiri. Na hilo neno lako, "kila mtu anajua", nimelisikia likipita dirishani kwangu miaka yote hii. Sasa msikilize mtu mmoja ambaye hakuulizwa.

Mimi nilianza na kuku. Baba yangu alinitoa shule ya misheni nikiwa darasa la nne, kwa kuwa ada ilitosha mtoto mmoja na mimi sikuwa wa kiume. Sikumsamehe mapema. Hesabu aliyoninyima nikajifundisha mwenyewe, kwa mayai na madebe ya mtama, nikiwauzia kuku madereva wa malori hapo barabarani. Kutoka kuku nikaingia kwenye asali, kutoka asali nikafungua duka, upana wake mlango mmoja tu. Hakuna mjomba aliyenipa mtaji. Baba yako alinitengenezea rafu za duka kwa mbao za masanduku, na hiyo ndiyo ilikuwa mahari ya pili.

Bidhaa nilikuwa nachukua Singida mjini, kwa Mzee Walji. Chumvi, sabuni, viberiti, mafuta ya taa. Siku moja akanionyesha makopo mawili ya vidonge, moja la aspirini, moja la klorokwini. Akaniambia, "Mama, hii ya kichwa uza utakavyo. Hii ya homa uza kamili. Mtu mzima kumi. Akitaka kidogo, mwambie hakuna."

Nikamwitikia vizuri sana. Nikarudi Ihanja nikauza kimoja kimoja.

Nitakueleza ilivyokuwa, sijitetei. Mtu alikuja ameshika kichwa, mkononi ana sumni, nusu shilingi tu, au ana yai. Kumi hawezi. Nikamkunjia kimoja kwenye gazeti. Nilijiambia nasaidia wanyonge. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba kimoja kimoja kilikuwa na faida kuliko kumi kwa pamoja, na hesabu ya namna hiyo hainipiti. Wengine hawakutaka hata hicho kimoja. Watu wetu wengi klorokwini huwawasha, inawakimbiza usiku kucha wanajikuna viganja na nyayo, na wakiulizwa husema damu yao haipatani nayo. Walifika mezani pangu wakasema, "Nipe ile isiyowasha." Nikawapa aspirini. Walitoka jasho, wakaamka, wakaenda shamba, wakanisifu. "Dawa ya Mama Salome ni kiboko." Wiki ya pili wakarudi. Nikawauzia tena.

Aspirini si dawa mbaya. Sikukatazi. Kichwa kikigonga, jino likiuma, mgongo ukichoka kwa jembe, inafaa, baada ya kula. Usiimeze tumbo tupu kama mimi, niliyekuwa naitafuna kila jioni nikiwa nimeinamia mahesabu ya duka, chai bado haijachemka. Hili tumbo linalonichoma mpaka nalala nimekaa sikurogwa, nililinunua mwenyewe. Lakini aspirini haiui homa ya mbu. Inaiambia inyamaze. Na homa iliyonyamaza ni mbaya kuliko inayopiga kelele, kwa sababu mgonjwa anajiona mzima na watu wa nyumbani wanamwamini.

Nakuandikia na mengine niliyojifunza kwa kukosea, halafu nirudi. Tumbo si ugonjwa mmoja. Mzee mmoja alikuja dukani amejikunja, nikampa chumvi ya haluli, maana ndiyo niliyoita dawa ya tumbo. Haluli ni ya mtu aliyefunga choo, basi. Yule mzee tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao, angehitaji kisu cha daktari na si kuharishwa. Alipona, Mungu ni mkubwa, lakini daktari alimuuliza nani alimpa ile chumvi, na yule mzee kwa heshima yake akasema hakumbuki. Toka siku ile anayekuja na tumbo gumu simpi kitu, namtafutia baiskeli ya kumpeleka hospitali. Na zile kapsuli wanazoziita rangi mbili, watu huzifungua wakamwaga unga kwenye kidonda. Nami nilikumwagia mguuni ulipokatwa na shoka. Ulipona kwa sababu nilikuosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi na jioni, huku unanitukana. Sifa zikachukuliwa na rangi mbili. Kikohozi cha kawaida, asali yetu inatosha. Dawa tamu ya chupa ni sukari yenye karatasi nzuri. Ukikohoa damu au ukikohoa mpaka ukakonda, hapo si asali wala chupa, nenda hospitali.

Sasa nirudi.

Tulihamishiwa kijiji cha ujamaa ukiwa mdogo. Nyumba zikapangwa mstari, duka la kijiji likafunguliwa, na langu likaambiwa ni la kinyonyaji, likafungwa. Kuna mema yalikuja, siyakatai. Kisima kilikuja, na shule uliyosoma ni ile. Lakini mizani yangu ilibebwa na mtu aliyenikopa chumvi mara nyingi kuliko wote, na alipokuwa anaitoa mlangoni aliniita kupe. Kupe hanyonyi kwa kulala macho akipima mtama wa mtu kwa haki. Niliyameza, lakini hayakushuka. Yalikaa hapa kooni, na kwa hayo yaliyokaa kooni baba yako alikufa. Utaona.

Mwaka huo mvua zilikata barabara. Mbuga zote kati yetu na mjini zikawa maziwa, lori halipiti. Mbu wakazaliana. Duka la kijiji likabaki na kopo moja la klorokwini, nalo si la kujaa. Mwenyekiti akaitisha mkutano kwenye darasa jipya, lile ambalo lilikuwa bado halijawekwa mlango. Akainua kopo juu. "Ndugu zangu, dawa ndiyo hii. Hatutaki mtu ajilimbikizie. Tunagawana sawasawa. Kila kaya vidonge viwili."

Watu wakapiga makofi. Usiwacheke. Wewe umekulia hapa, unajua nyama inavyogawanywa ng'ombe akianguka. Kila nyumba inapata chake, hata kama ni utumbo, na anayekula peke yake tunamwogopa kama mchawi. Ni ustaarabu wetu, na ni mzuri. Lakini nyama, ukila kipande kidogo, umekula. Dawa ya homa ukila robo yake ni kama hujala, na homa inabaki inakucheka. Walichukua ustaarabu wa nyama wakauweka kwenye dawa.

Nikasimama. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, viwili haviponyi mtu mzima. Kinachotakiwa ni kumi. Kopo likae kwa balozi wa nyumba kumi. Anayeumwa apewe kumi zake, mtoto apewe nusu, asiyeumwa asubiri. Tukigawa hivi, tutakuwa tumewapa wote na hatujamponya hata mmoja."

Nikadhani wamenielewa. Ndipo Hamisi, yule fundi baiskeli, akasema kutoka nyuma, "Mama duka! Mbona ulikuwa unatuuzia kimoja kimoja? Au wakati ule homa ilikuwa ndogo?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Bei ndiyo imepanda!" Na mwingine, "Kaa chini, shemeji, ubepari umekwisha!"

Nilitafuta jibu, mwanangu. Mimi ambaye dereva wa lori hawezi kunishinda kwa maneno, sikulipata. Lingekuwa jibu gani? Alikuwa amesema kweli. Ni mimi niliyewafundisha kijiji kizima kwamba homa inatibiwa kwa kidonge kimoja, niliwafundisha kwa miaka, kila mmoja kwa kipande chake cha gazeti. Nilipokuja kuwaambia kumi, walishahitimu. Nikakaa chini.

Baba yako alikuwa ameegemea ukuta. Hakucheka, wala hakunitetea. Tulipokuwa tunarudi, matope hadi kwenye vifundo, alisema, "Ulisema kweli. Ila ulichelewa kuianza." Nilimnunia hadi nyumbani.

Wiki hiyohiyo mkaugua wawili, wewe na yeye. Ulikuwa na miaka minane. Wewe ulianza, ukaweweseka, ukawa unamwita mbuzi wako aliyekwisha kuchinjwa. Kesho yake naye akaanza kutetemeka. Nyumbani nilikuwa na vile viwili vya mgao wa kaya, na vitano vilivyobaki kwenye kopo langu la zamani. Saba. Wewe kwa umri wako ulihitaji vitano. Yeye kumi. Piga hesabu mwenyewe.

Niliviweka kwenye sahani mbele yake. Akavitazama, akasema, "Mpe mtoto zake kamili."

"Na wewe?"

"Mimi hizo huniwasha mpaka natamani kujichuna ngozi. Unajua. Nipe aspirini."

"Viwili vinabaki."

"Viweke. Akirudiwa, utampa."

Ni kweli zilikuwa zinamwasha, wewe umerithi kwake. Kila mtu alijua, tulikuwa tunamtania. Kwa hiyo sijui. Hadi leo sijui kama alikwepa kuwashwa tu, au alikuwa amekwisha kupiga hesabu kimya kimya akaona ipo njia moja ya kuniondolea mzigo wa kuchagua. Nimejiuliza sana nikaacha. Yeye mwenyewe hakusema, na mimi sitamsemea.

Aspirini hazikuwa na mgao, nilikuwa nazo tele. Alimeza, akalowa, akaamka. Asubuhi akaenda shamba la kijiji na jembe begani, na balozi akamsifu mbele ya watu kwamba hata homa haimzuii kujenga taifa. Jioni akarudi anatetemeka. Akameza tena. Akaamka tena. Mfukoni alikuwa anatembea na karatasi za aspirini kama mtu anayetembea na ugoro.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wengine huwa wanasema dawa hazikuwepo. Zilikuwepo. Alihitaji kumi, viwili nilikuwa navyo kwenye sahani. Vilipungua vinane. Kila kaya ilikuwa na viwili, na nyumba nyingi hazikuwa na mgonjwa. Nilihitaji kugonga milango minne, Salome. Minne tu, kwenye mstari wetu uleule, bila kuvuka hata njia. Mlango mmoja ulikuwa wa Mama Yusufu huyu anayekuletea barua. Mwingine ulikuwa wa Hamisi.

Sikugonga. Nilitoka nje mara moja nikasimama uani, nikasikia Hamisi anacheka kwake na watoto wake, kicheko chake kile, nikarudi ndani. Nilijiambia mume wangu anaendelea vizuri, si unaona ametoka jasho, si ameenda shamba? Aspirini ilinipa sababu ya kutokwenda. Niliwanunia watu walionicheka, na nilipokuwa nawanunia wao hawakuwa na habari, walikuwa wanakula ugali wao na mlenda wao. Aliyeulipa ule ununaji alikuwa amelala kitandani kwangu.

Miezi mingi baadaye Mama Yusufu aliniambia, bila kujua anachoniambia, kwamba viwili vyake vilikaa kwenye kikombe cha bati mpaka vikageuka rangi, akawatupia kuku. Kwake hakuna aliyeumwa mwaka ule.

Aliporukwa na akili ndipo tulipomweka kwenye machela. Wanaume walimbeba kuelekea hospitali, na nikuambie kwa haki, Hamisi alishika mti wa mbele na hakubadilishwa njia nzima. Walipofika mbugani maji yalikuwa kifuani. Wakamwinua juu ya vichwa vyao. Hakufika ng'ambo akiwa hai.

Wakati wa kumwosha, bibi yako alikuta karatasi za aspirini mfukoni mwake. Nyingi. Akazitawanya uani mbele ya waombolezaji. "Zote hizi? Mwanangu umemlisha zote hizi? Mwanamke wa duka, umemmaliza kwa vidonge vyako!" Ndipo likazaliwa neno, kwamba alikufa kwa kulishwa dawa nyingi. Ukweli ni kinyume. Alikufa kwa dawa moja iliyopungua, na nyingine isiyokuwa yake.

Utauliza mbona sikujitetea. Ningejitetea, ningeulizwa, "Klorokwini ulizokuwa nazo zilikwenda wapi?" Na jibu lilikuwa limekaa kwenye mkeka, lina miaka minane, limenyolewa nywele za msiba, linakula kiporo. Sikutaka mtu yeyote akuangalie siku ile akiwa na hesabu ile kichwani, na bibi yako kuliko wote. Kwa hiyo nikanyamaza. Nilifikiri nakulinda. Sikufikiri kwamba utakua ukiliamini neno lao, na kwamba siku moja litakufanya uikatae dawa iliyokuponya wewe.

Sikuambii haya ili uyabebe. Ulikula vitano kwa sababu mtoto wa miaka minane ni vitano. Hukula cha mtu, ulipewa chako. Vilivyopungua vilikuwa kwenye milango minne, na wa kuigonga nilikuwa mimi.

Na bibi yako usimchukie. Alizaa watoto wengi akabakiwa na wachache, na mtu aliyefiwa hivyo hutafuta mahali pa kuweka mkono. Aliuweka kwangu. Sijamsamehe vizuri, nakuambia ukweli, lakini kila nikikutana naye kisimani shikamoo yake naitoa kwa sauti, na yeye huiitikia kwa sauti, na tunafika hapo tu. Wewe mpe heshima yake yote. Mwache akutemee mate ya baraka.

Huko Kilosa unakokwenda si kama kwetu. Hapa kiangazi kinatupumzisha na mbu. Kule kuna mito na mabonde, watakutafuna mwaka mzima. Utakuwa na wasichana wenzako, watakugawia vitu vyao na utawagawia vyako, na ni vizuri. Gawa sukari, gawa sabuni, gawa hata viatu. Rafiki yako akiumwa, usimpe nusu ya dozi yako mkaugua wawili kwa upendo. Mpeleke zahanati ya chuo naye apate zake. Na usipokuwa na dawa ya kutosha, gonga mlango. Gonga hata wa aliyekucheka jana. Akikucheka tena, cheka naye, lakini toka na ulichofuata.

Kuhusu kuwashwa, siwezi kukudanganya kwamba hutawashwa. Utawashwa. Baba yako alikuwa anatafuta ukuta wa udongo anausugua mgongo kama ng'ombe. Watu husema damu haipatani na dawa. Damu inapatana nayo sana, ngozi ndiyo haitaki, na ngozi si mwenye nyumba. Maji baridi husaidia kidogo. Siku ya tatu kunaisha. Ukivimba mdomo au pumzi ikabana, hiyo si kuwashwa, hiyo ni kwenda hospitali mbio. Kujikuna tu, jikune.

Sasa fungua.

Nne ni za sasa hivi. Kula kwanza ugali wa bibi yako, ushibe, kisha umeze kwa maji mengi. Najua unachowaza, kwamba utakwenda kumezea nyuma ya nyumba. Hapana. Meza hapohapo mekoni, mbele yake. Akikuuliza, mwambie, "Bibi, ni dawa ya homa, mama ameileta, na safari hii ni kamili." Kama anataka kuijua habari yote, msomee barua hii. Nimechoka kuilinda. Wewe ni mtu mzima sasa, na yeye ni mama wa marehemu, ana haki yake.

Zile sita, mbili alfajiri kabla hujatoka, na uji. Mbili kesho jioni ndani ya treni. Mbili keshokutwa jioni ukiwa chuoni. Hata ukijisikia mzima wa kuweza kubeba mlima, zimalize. Mzima wa siku ya pili ndiye anayekufa siku ya tano.

Umesema ukichelewa kuripoti watakunyang'anya nafasi. Inawezekana. Nafasi hii nimeitafuta kama wewe, nimeuza kuku kwa ajili yake mpaka banda limebaki na jogoo. Lakini nilishaona mtu akiamka na homa iliyonyamazishwa akawahi kazini akasifiwa. Kwa hiyo nimekwisha kuamua, na usije na maneno mengi.

Kesho nitakuwa barabarani na sanduku lako kabla basi la Manyoni halijafika. Sitakuuliza kama umemeza, maana mtoto aliyegombana na mama yake anaweza kujibu lolote. Nitakuangalia mikono. Nikiona imetulia, sanduku halipandi, basi litakwenda, na tutarudi nyumbani tumeze pamoja na chuo kitajua la kufanya.

Na nikiona unajikuna, basi geuza mgongo, mwanangu. Mahali mkono wako hautafika, nitakukuna mimi mpaka basi lifike.

Mama yako